Wengi Wape? Bertrand Russell na Wajibu wa Mwenye Elimu

Wahenga walisema, wengi wape. Ni neno fupi, na kama yalivyo maneno mengi mafupi, lina hekima ndani yake na lina hatari pia. Hekima yake ni kwamba mtu hawezi kuishi katika jamii kana kwamba yeye peke yake ndiye jamii. Hana budi kukubali kushindwa katika shauri, kulipa kodi asiyoipenda, na kutii sheria ambayo yeye mwenyewe asingeitunga. Hatari yake ni kwamba wengi nao hukosea. Wakikosea katika jambo dogo, hasara yake ni ndogo, na siku huitengeneza. Wakikosea katika jambo la kuua na kuuawa, hapana siku iwezayo kumrudisha aliyekwisha kuzikwa. Basi swali la insha hii ni hili: mtu mwenye elimu, aonapo kwamba wengi wanakwenda katika maangamizi, ana haki gani ya kuwakatalia, na haki hiyo anaipata wapi?

Swali hili laweza kujadiliwa kwa maneno matupu, lakini nadhani litafahamika vyema zaidi likipimwa kwa maisha ya mtu. Nimemchagua Bertrand Russell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1872 akafariki mwaka wa 1970. Nimemchagua kwa sababu tatu. Ya kwanza, alikuwa bingwa wa mantiki, elimu isiyokubali neno pasipo uthibitisho. Ya pili, alitiwa gerezani mara mbili kwa sababu ya kusema juu ya vita na amani: mara ya kwanza katika utu uzima wake, mwaka wa 1918, na mara ya pili mwaka wa 1961, akiwa mzee wa miaka 89. Ya tatu, hakuwa mtakatifu. Alikosea, na baadhi ya makosa yake yalikuwa makubwa. Na mtu mkubwa aliyekosea hufundisha zaidi ya mtu mkubwa aliyesifiwa tu.

Russell alizaliwa katika nyumba ya watu wenye daraja. Babu yake, Lord John Russell, alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara mbili. Lakini ukubwa wa ukoo hauzuii mauti. Mama yake na dada yake walikufa mwaka wa 1874, baba yake mwaka wa 1876, na babu yake mwaka wa 1878. Mtoto akabaki mikononi mwa bibi yake mzaa baba, mwanamke mcha Mungu, mkali wa adabu, asiyeogopa kuwa peke yake katika rai. Bibi huyo alimpa mjukuu wake Biblia, na katika kurasa zake za mwanzo akamwandikia ile amri ya kitabu cha Kutoka inayomkataza mtu kuandamana na wengi katika kutenda uovu. Mjukuu alipokua aliiacha dini ya bibi yake, lakini amri ile hakuiacha. Alikwenda nayo maisha yake yote, na kwa hakika ndiyo mpinzani hasa wa ile methali niliyoanza nayo.

Jambo jingine la utoto wake lafaa kukumbukwa. Alipokuwa na umri wa miaka 11, kaka yake alianza kumfundisha hisabati ya Euclid. Mtoto alifurahi kama aliyefunguliwa mlango wa hazina, maana alidhani amepata elimu ambayo kila neno lake lina ushahidi. Mara akaambiwa kwamba misingi ya kwanza haithibitishwi, bali hukubaliwa tu ili kazi iendelee. Alisikitika sana, akataka sababu, asipate. Waweza kusema kwamba nusu ya maisha yake aliitumia kuitafuta sababu ile aliyonyimwa utotoni.

Aliitafuta katika Chuo cha Trinity, Cambridge, alikoingia mwaka wa 1890. Katika mwaka wa 1901 aligundua tatizo ambalo mpaka leo lina jina lake. Fikiri juu ya makundi yasiyojihesabu yenyewe miongoni mwa vitu vilivyomo ndani yao. Kisha yakusanye makundi hayo yote uyafanye kundi moja kubwa. Je, kundi hili kubwa limo ndani yake lenyewe au halimo? Ukisema limo, basi halimo. Ukisema halimo, basi limo. Jambo hili laonekana kama mchezo wa vitendawili, lakini Russell alipomwandikia Mjerumani Gottlob Frege mwaka wa 1902, Frege aliona kwamba msingi wa kazi yake ya miaka mingi umetikisika, ilhali juzuu ya pili ya kitabu chake ilikuwa tayari kwa mpiga chapa. Ndipo Russell na mwalimu wake Alfred North Whitehead wakajitia katika kazi ya kuijenga upya nyumba hiyo. Kitabu chao, Principia Mathematica, kilitoka katika juzuu tatu baina ya mwaka wa 1910 na 1913, na chajulikana kwa hili: msomaji hupita mamia ya kurasa za alama kabla ya kukuta njia ya kuthibitisha kwamba moja na moja ni mbili.

Mtu wa namna hii, asiyeridhika kwamba moja na moja ni mbili mpaka aonyeshwe, ungemtazamia aishi na kufa katika maktaba. Lakini mwaka ule ule wa 1901 lilimpata jambo jingine, ambalo mantiki haikuwa na alama ya kuliandikia. Siku moja alimwona mke wa Whitehead akiwa katika maumivu makali ya moyo, na hapana aliyeweza kumfikia katika mateso yale. Russell anatuarifu katika maisha yake aliyoyaandika kwamba kwa muda wa dakika tano aliona upweke wa nafsi ya mwanadamu kwa namna ambayo hakuwa ameiona kabla. Wakati huo Uingereza ilikuwa ikipigana na Makaburu huko Afrika ya Kusini, naye alikuwa akiipendelea nchi yake katika vita hivyo. Baada ya dakika zile tano akawa mtu wa amani. Hakushindwa kwa hoja; aliona tu. Twalishike jambo hili, maana tutalihitaji mbele.

Vita Kuu ilipoanza katika Agosti 1914, Russell alitembea katika mitaa ya London akawatazama watu. Kilichomshtua hakikuwa ujanja wa wakubwa, maana huo aliutazamia. Kilichomshtua ni furaha ya watu wa kawaida, wake kwa waume, waliokuwa wakivishangilia vita kama watu wanaoshangilia arusi. Na wasomi hawakuwa na nafuu. Katika Oktoba 1914 wasomi 93 wa Ujerumani, baadhi yao wenye sifa dunia nzima, walitia saini tamko la kulitetea jeshi la nchi yao. Wenzao wa Uingereza nao wakawajibu kwa tamko lao. Hapo twapata jibu la kwanza la swali letu, nalo ni jibu la kukanusha. Mwenye elimu hapati haki ya kuwakatalia wengi kwa sababu tu ana elimu. Kama elimu peke yake ingekuwa kinga, vyuo vya Ulaya vingekuwa ngome za amani mwaka ule. Havikuwa. Vilikuwa na ngoma zile zile za mitaani, ila zilipigwa kwa ufasaha zaidi.

Mwaka wa 1916 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya uaskari wa lazima. Sheria hiyo ilimruhusu mtu ambaye dhamiri yake inamkataza kuua aende mbele ya baraza akajieleze. Wapatao 16,000 walijieleza hivyo, na maelfu kati yao wakafungwa. Mmoja wao, Ernest Everett, aliyekuwa mwalimu wa shule, alihukumiwa miaka miwili na kazi ngumu kwa kukataa amri za kijeshi. Chama cha wakataaji uaskari kilitoa karatasi ya kumtetea, na baadhi ya watu walioigawa wakakamatwa. Karatasi haikuwa na jina la mwandishi. Russell akaliandikia gazeti la The Times kwamba aliyeiandika ni yeye, na kama kuna mtu wa kushtakiwa basi ni yeye. Serikali ikamwitikia. Alitozwa faini ya pauni 100. Alikataa kulipa, na mali yake ikanadiwa. Rafiki zake wakainunua ili vitabu vyake visipotee. Chuo cha Trinity kikamwondoa katika kazi ya kufundisha. Alipotaka kwenda Marekani kusomesha alinyimwa pasi ya kusafiria.

Katika 1918 aliandika makala katika gazeti dogo la wakataaji uaskari, akasema kwamba majeshi ya Marekani yatakayokuja Uingereza huenda yakatumiwa kuwatisha wafanyakazi wanaogoma. Kwa hayo alihukumiwa kifungo cha miezi sita katika gereza la Brixton. Humo akaandika kitabu cha kuieleza falsafa ya hisabati, kilichotoka mwaka wa 1919. Wasomaji wengi hupenda kulisimulia jambo hili kama ushindi wa akili juu ya minyororo. Mimi naomba tusifu kwa kiasi. Russell alifungwa katika daraja la kwanza, lenye vitabu, kalamu na nafasi ya kuandika, na daraja hilo hakulipata bila msaada wa jina la ukoo wake na watu wakubwa aliojuana nao. Wakataaji wengine, vijana wasio na jina, walikuwa katika kazi ngumu, na baadhi yao afya zao hazikurudi tena. Simdharau kwa hayo, bali nasema kwamba yeye aliyekingwa ndiye mwenye deni kubwa zaidi la kusema. Mtu ambaye adhabu yake itakuwa nyepesi hana udhuru wa kumwachia kusema yule ambaye adhabu yake itakuwa nzito.

Sasa tufike katika kiini cha mambo. Russell mwenyewe hakuamini kwamba wema na ubaya vyaweza kuthibitishwa kama hesabu. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1935 juu ya dini na sayansi alieleza kwamba tunaposema jambo fulani ni jema kwa asili yake, hatutoi habari ya dunia bali twatoa haja ya mioyo yetu, tukitamani wengine nao wawe nayo. Basi tazama ajabu hii. Mtu aliyedai uthibitisho wa moja na moja alikubali kwenda gerezani kwa ajili ya jambo ambalo kwa hukumu yake mwenyewe halina uthibitisho. Je, hakujipinga? Mtu mwenye hila aweza kumwambia: ama imani yako juu ya vita ni maarifa, na hapo utuonyeshe ushahidi wake; ama si maarifa, na hapo huna haki ya kuwasumbua wengi kwa tamaa za moyo wako.

Nadhani hoja hii yaonekana kali kuliko ilivyo. Inadai kwamba wajibu uje baada ya uhakika. Lakini nani aliyewahi kuishi hivyo? Mama hangoji uthibitisho wa kwamba uhai wa mtoto wake una thamani ndipo amtoe motoni. Jirani asikiaye ukelele usiku hafungui kwanza kitabu cha maadili. Wajibu hutujia kwa njia ile aliyoipita Russell katika zile dakika tano za mwaka wa 1901: tunaona, na tukisha kuona hatuwezi kujifanya kwamba hatukuona. Kazi ya akili haikuwa kuumba wajibu huo. Kazi yake ni kuulinda usipotoke: kuuliza kama tunayoyaona ni ya kweli, kama tunalomhurumia mmoja twamhurumia na mwingine, na kama njia tuliyoichagua itatufikisha tunakosema. Mantiki haiwezi kumwambia mtu apende nini. Yaweza kumwambia kwamba anajipinga, na hiyo si kazi ndogo.

Na hapa ndipo Russell alipoanguka, tena mapema. Katika makala aliyoitoa mwaka wa 1915 juu ya maadili ya vita, aligawa vita katika mafungu, akakiweka katika fungu mojawapo kile alichokiita vita vya kueneza makoloni. Akasema kwamba vita hivyo, ingawa vilianza pasipo haki na kupiganwa kwa ukatili, vingeweza kuhesabiwa kuwa na udhuru kwa matokeo yake, kwa kuwa vilieneza ustaarabu, kama ilivyokuwa Marekani na Australia. Alisema pia kwamba wakati wa vita vya namna hiyo umekwisha kupita. Lakini msomaji wa Afrika ya Mashariki hawezi kuusoma ukurasa ule kwa moyo mtulivu. Nani aliyeulizwa juu ya matokeo hayo? Wale waliofukuzwa katika nchi zao hawakuitwa kutoa ushahidi. Mtu aliyetuonya tusiandamane na wengi katika uovu aliandamana na wengi wa bara lake katika kuhesabu damu ya watu wa mbali kuwa ni gharama ya maendeleo.

Kosa hili lazidi kuonekana tukikumbuka kwamba vita vile vile alivyovipinga London vilipiganwa pia katika nchi zetu. Tanga ilishambuliwa katika Novemba 1914, na kutoka hapo vita vikazunguka miaka minne. Waingereza na Wajerumani walikuwa na silaha, lakini mizigo ilikuwa juu ya vichwa vya Waafrika. Wapagazi walikusanywa kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, nao wakafa kwa njaa, kuhara na homa zaidi kuliko kwa risasi. Makisio ya wanahistoria kwa upande wa Waingereza peke yake hukaribia 100,000. Kariakoo ya Dar es Salaam mpaka leo ina jina la kikosi hicho. Mwaka ule ambao kijana wa Uingereza aliweza kusimama mbele ya baraza akaitaja dhamiri yake, mpagazi hakuwa na baraza wala hakuulizwa kama ana dhamiri. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi haziitwi katika shauri.

Nimelieleza kosa hili kwa sababu lajibu sehemu ya pili ya swali letu. Kama elimu haitoshi kumpa mtu haki ya kuwakatalia wengi, je, dhamiri yatosha? Haitoshi. Dhamiri ya mtu hodari yaweza kuwa na upofu mahali ambapo jamii yake yote ina upofu, naye asijue. Katika miaka ya 1930 Russell alikuwa mwenyekiti wa chama mjini London kilichotetea uhuru wa India, na kwa kazi hiyo twaweza kusema kwamba macho yake yalifumbuka. Lakini hayakufumbuka kwa nguvu ya dhamiri peke yake. Yalifumbuka kwa kuwasikiliza wale ambao hapo zamani hawakuwa na sauti.

Wako wanaomlaumu kwa jambo jingine: kwamba alikuwa kigeugeu. Mwaka wa 1914 alikataa vita. Mwaka wa 1936 aliandika kitabu cha kuzuia vita na Hitler. Mwaka wa 1940 alikiri kwamba Hitler hana budi kupigwa. Baada ya 1945, Marekani ilipokuwa peke yake na bomu la atomiki, alisema mara kadhaa kwamba mataifa ya Magharibi yaitishe Urusi kwa vita ili ikubali silaha hizo ziwekwe chini ya mamlaka ya dunia nzima. Na kuanzia 1954 akawa sauti kubwa ya kuzipinga silaha hizo hizo. Je, mtu huyu alisimama wapi?

Yapasa tutenganishe mambo mawili. Kubadili rai si aibu. Russell hakuwahi kusema kwamba kila vita ni haramu; alisema kwamba vita vipimwe kwa madhara yake na kwa madhara ya kutopigana. Akipima hivyo, mtu aweza kukataa vita vya 1914, vilivyopiganwa kwa fahari ya madola, na kuvikubali vya 1940, na asijipinge. Hata lile la kuitisha Urusi, ambalo mimi naliona ni baya, lilikuwa ni hesabu iliyokosewa. La aibu ni lililofuata. Katika miaka ya 1950 alipokumbushwa maneno yale, alikana kwamba aliwahi kuyasema. Mwaka wa 1959, katika mazungumzo ya BBC, alikubali kwamba aliyasema, akaeleza kwamba alikuwa ameyasahau. Kwa mtu wa kawaida kusahau ni jambo dogo. Kwa mtu anayewataka walimwengu wamwamini, kusahau ni kosa, maana wengi hawana njia ya kupima hesabu za mtaalamu. Hupima uaminifu wake. Mwenye kubadili rai hajapoteza heshima yake. Mwenye kubadili kumbukumbu ameiweka rehani.

Pamoja na hayo, kazi ya miaka yake ya mwisho ni kubwa, wala haikutoka katika hewa tupu. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, lenye nguvu karibu mara elfu moja ya lile la Hiroshima. Majivu yake yaliiangukia mashua ya wavuvi wa Kijapani 23 waliokuwa mbali na mahali pale, na mmoja wao akafa kabla ya mwaka kwisha. Tarehe 23 Desemba mwaka huo Russell alisema katika redio ya BBC juu ya hatari iliyowakabili wanadamu, si kama Mwingereza, bali kama kiumbe wa jamii ya wanadamu ambayo haijulikani kama itaendelea kuishi. Kisha akatunga tamko, akampelekea Albert Einstein. Einstein alitia saini siku chache kabla ya kufa kwake, 18 Aprili 1955. Russell alipata habari za kifo hicho akiwa katika ndege kutoka Roma kwenda Paris, akadhani mpango umevunjika. Alipofika Paris akaikuta barua ya marehemu yenye saini. Tamko lilisomwa London tarehe 9 Julai 1955 likiwa na majina ya wataalamu 11 wa nchi mbalimbali, miongoni mwao Mjapani na Mpolandi. Kutoka hapo ulizaliwa mkutano wa Pugwash, Kanada, wa mwaka wa 1957, ambapo wanasayansi 22 wa Magharibi na wa Mashariki walikaa meza moja wakati serikali zao hazikusemezana ila kwa vitisho.

Tazama tofauti baina ya njia hii na ile ya wasomi wa 1914. Wale walitia saini kwa ajili ya mataifa yao, wakitumia sifa za elimu kusema mambo ambayo elimu yao haikuyajua. Hawa walisema jambo wanalolijua hasa: nguvu ya bomu, mwendo wa majivu, na kwamba hapana ulinzi dhidi yake. Walilisema jambo hilo pamoja na watu wa upande wa pili, na mbele ya wote. Elimu ikitumika hivyo ni ushuhuda.

Russell hakukomea katika matamko. Mwaka wa 1961, baada ya kuwahimiza watu wavunje sheria kwa utulivu ili kuzipinga silaha za nyuklia, aliitwa mahakamani pamoja na mkewe Edith. Hakimu alitaka waahidi kwamba watakaa kwa utulivu, nao wakakataa. Walihukumiwa miezi miwili, ikapunguzwa kuwa siku saba kwa ajili ya afya zao, na mzee wa miaka 89 akarudi Brixton, gereza lile lile la 1918. Mwaka uliofuata, Marekani na Urusi zilipokabiliana juu ya makombora ya Kuba, alipeleka simu za maandishi kwa Kennedy na kwa Khrushchev, nao wote wawili wakamjibu. Sidai kwamba simu hizo ndizo zilizoepusha vita. Mwaka wa 1967 baraza alilolianzisha lilikaa Sweden na Denmark kuyachunguza matendo ya Marekani katika Vietnam. Waliolilaumu walisema kwamba liliuchunguza upande mmoja tu, na lawama hiyo ina uzito, maana hakimu asiyesikiliza pande mbili hupunguza nguvu ya hukumu yake hata kama ushahidi alionao ni wa kweli. Alifariki tarehe 2 Februari 1970, akiwa na miaka 97, na siku mbili kabla alikuwa bado akitunga tamko juu ya vita vya Mashariki ya Kati.

Mwenye kupenda matokeo atauliza: kazi yote hii ilileta nini? Mkataba wa 1963 wa kuzuia majaribio ya nyuklia hewani, chini ya maji na katika anga za juu ulikuwa faida kweli, na wanasayansi wa Pugwash walikuwa na sehemu yao katika kuutengenezea njia. Lakini mataifa tisa bado yana silaha hizo, nazo bado zahesabiwa kwa maelfu. Asemaye kwamba Russell alishinda, asema uongo. Lakini asemaye kwamba kwa hiyo alikuwa mpumbavu, ameitwaa methali ya wengi wape akaifanya mungu, maana anahesabu ukweli kwa wingi wa waliousikia.

Sasa naweza kulijibu swali langu. Haki ya mtu mmoja kuwakatalia wengi haitoki katika shahada yake, wala haitoki katika ukali wa dhamiri yake. Inatoka katika namna anavyokataa. Aseme kwa jina lake mwenyewe, kama Russell alipoiandikia The Times. Aikubali adhabu bila kukimbia, ili wengi waone kwamba hawadharau, bali anawasihi. Aseme analolijua, na asiloliona akubali kuonyeshwa, hasa na wale ambao hawajawahi kuulizwa. Na akikosea, akiri aliyoyasema. Kwa mizani hiyo Russell ana siku alizofaulu na siku alizoshindwa, na ni mizani ile ile inayotuonyesha zote mbili.

Waswahili husema, elimu bila amali kama nta bila asali. Vyuo vyetu vinajaa nta kila mwaka. Hapana ubaya kwa msomi kuwa na chumba chake, vitabu vyake na utulivu wake. Principia haikuandikwa barabarani. Lakini ukelele unapopigwa nje, na yeye ndiye aliyefundishwa kutofautisha ukelele wa mashaka na ukelele wa arusi, kunyamaza kwake si unyenyekevu. Wengi wape yaliyo yao: utii katika mambo ya kuishi pamoja, heshima, na subira ya kuwaeleza tena na tena. Kura ni yao pia, hata ikikushinda. Lakini macho yako usiwape, maana siku watakapokosa njia ndiyo watakayoyahitaji.